Damu inapobana uti wa mgongo ukiwa Kigoma au Tabora: CT au MRI, kisu au kusubiri, Mwanza au Dodoma?

Mama mmoja, mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, aliletwa hospitalini kwetu saa kumi na moja alfajiri akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, miguu ikining'inia nje. Jioni iliyopita, kwenye saa kumi na mbili, alikuwa anakusanya dagaa walioanikwa. Akainama kunyanyua beseni, akashikwa na maumivu katikati ya mabega. Alisema mwenyewe, "Ni kama mtu kanipiga na mpini wa shoka." Nyumbani wakamchua kwa mawese. Saa mbili usiku wakampeleka kituo kimoja cha afya, akachomwa diklofenaki, akaambiwa ni misuli, akarudishwa nyumbani. Saa nne miguu ikawa mizito. Saa nane hakuweza tena kujigeuza kitandani.

Ndani ya mkoba wake, kwenye kipande cha khanga, kulikuwa na kadi ya kliniki ya moyo na vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Aliwekewa valvu ya chuma Dar es Salaam miaka kadhaa nyuma. Wiki ile alikuwa ameanza metronidazoli kwa ajili ya tumbo, dawa ambayo inaongeza nguvu ya warfarini mwilini. Usiku kucha hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani.

Tangu siku ile nimekuwa nikijadiliana na wenzangu wa zamu juu ya maswali yale yale: tupige picha gani, tumpeleke wapi, afanyiwe upasuaji au aangaliwe. Nimeona niyaweke hapa ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya tabibu aliye peke yake usiku, na kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa anayeombwa kukubali safari ndefu asiyojua sababu yake.

Damu inakaa wapi

Uti wa mgongo ni kamba laini ya neva, unene wake karibu na wa kidole kidogo cha mkono. Umepita ndani ya tundu la pingili na kuzungukwa na tando tatu. Ule wa nje ndio mgumu. Kati ya utando huo mgumu na mfupa kuna nafasi nyembamba yenye mafuta na vena laini zisizo na vali. Mtu akikohoa, akijikamua chooni au akinyanyua mzigo, shinikizo la kifua na tumbo linaingia moja kwa moja kwenye vena hizo. Wataalamu wengi wanaamini ndizo zinazopasuka. Mfupa hautanuki, kwa hiyo damu inayotoka haina pa kwenda ila kuubana uti. Tunasema "damu ya yenyewe" kwa sababu hakuna kuanguka, hakuna ajali, hakuna sindano ya mgongo iliyotangulia. Wengine wanatumia dawa za kuzuia damu kuganda, wengine wana himofilia (ugonjwa wa kuzaliwa wa damu kutoganda) au upungufu wa chembe bapa zinazosaidia damu kuganda, wachache wana mishipa iliyoumbika vibaya, na kwa wengi chanzo hakionekani kabisa.

Hiyo ya nje ya utando mgumu ndiyo inayoonekana zaidi. Damu inaweza pia kukaa chini ya utando huo huo, na dalili zake hufanana kiasi kwamba kitandani huwezi kuzitenganisha. Sioni sababu ya kujisumbua nazo usiku, maana njia ya mgonjwa ni ile ile. Ikivujia kwenye maji yanayouzunguka uti, mgonjwa huumwa kichwa na shingo kukakamaa, na wengi hudhani ni homa ya uti wa mgongo. Ikivujia ndani ya uti wenyewe, mara nyingi kuna mshipa mbovu nyuma yake, na hiyo ni kazi ya mabingwa tangu mwanzo.

Ni ugonjwa adimu. Makadirio yanayotumika ni mgonjwa mmoja kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Kwa sensa ya 2022 Kigoma ilikuwa na watu takriban milioni 2.5 na Tabora takriban milioni 3.4. Kwa hesabu hiyo tungetarajia wagonjwa wawili au watatu kwa mwaka Kigoma, na watatu au wanne Tabora. Hatuwaoni wengi kiasi hicho. Mimi naamini wamo wodini, wameandikwa kiharusi au TB ya mgongo.

Kuutenganisha na yanayofanana nao

Mtu akiletwa "amepooza", mara nyingi kiharusi huandikwa kabla hata hajavuliwa shati. Basi tuanze na hicho. Kiharusi kwa kawaida hakianzi na maumivu ya mgongo. Mgonjwa anaamka mdomo umepinda, maneno hayatoki vizuri, mkono na mguu wa upande mmoja hauna nguvu. Damu kwenye uti huanza na maumivu makali ya shingo au mgongo, ambayo mara nyingi huzunguka kifua kama mkanda au huteremka mkononi. Udhaifu hufuata, baada ya dakika au saa chache. Uso uko sawa, mazungumzo yako sawa, miguu yote miwili inalegea, mkojo unakwama.

Mtego uko shingoni. Damu ikikaa zaidi upande mmoja wa uti wa shingo, mkono na mguu wa upande huo hulegea, na mgonjwa anafanana na mwenye kiharusi kwa kila kitu isipokuwa uso. Hapo huagizwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta) ya kichwa. Inarudi safi, na kwa kuwa ni safi mgonjwa anaanzishiwa aspirini. Fikiria tunachokuwa tumemfanyia: anavuja damu, nasi tumempa dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye maumivu ya ghafla ya shingo, na udhaifu wa upande mmoja, na uso ulionyooka, asipewe aspirini mpaka shingo yake ionekane kwenye picha.

Mengine tunayatenganisha kwa saa na kalenda. TB ya mgongo huja kwa wiki na miezi, na jasho la usiku, kukonda, pengine kibyongo kimeshaanza kuota. Jipu la ndani ya mgongo huja kwa siku kadhaa, na homa, na mara nyingi mgonjwa ana kisukari au alikuwa na kidonda mahali. Kichocho, ambacho kwetu sisi tunaoishi na Ziwa Tanganyika hatuna budi kukikumbuka, kinaweza kupeleka mayai yake mpaka kwenye uti. Hicho hupenda sehemu ya chini, huumiza kiuno na miguu, na udhaifu hujengeka kwa siku au wiki. Uti kuvimba wenyewe, bila kubanwa na kitu, hujengeka kwa saa mpaka siku lakini mara chache huanza na pigo la maumivu kama la shoka. Ugonjwa wa neva unaopanda kutoka nyayoni kwenda juu huchukua siku, na mkojo kwa kawaida hautaabishi mapema. Wengi huufikiria huo kwa sababu miguu imelegea na nyundo ya goti haijibiwi. Kumbuka kuwa uti uliobanwa ghafla nao huzima majibu ya nyundo kwa siku za mwanzo.

Kwa vifaa, ninavyovitegemea zaidi ni kijiti cha meno, pamba na kalamu. Yule mama nilianza na nyayo, nikapanda.

"Mama, hapa unasikia?"

"Hapana, mwanangu."

"Na hapa?"

"Hapo ni kama umegusa shuka, hujanigusa mimi."

Nilipofika vidole vitatu chini ya chuchu, akashtuka: "Eeh, hapo unanichoma!" Nikachora mstari kwa kalamu, nikaandika saa pembeni yake. Chuchu ni usawa wa neva ya nne ya kifua, kitovu ni ya kumi; ukishajua hayo mawili unaweza kumweleza bingwa kwa simu akakuelewa. Kisha nikaweka kiganja chini ya kitovu. Kulikuwa kugumu na kumejaa. Mpira wa mkojo ulitoa zaidi ya lita moja, na mwenyewe hakuwa na habari kwamba mkojo umejaa. Mstari ule wa kalamu una kazi moja zaidi: ukirudia baada ya saa moja na ukaona umepanda, damu bado inaongezeka.

CT au MRI

Eksirei iachwe. Haionyeshi damu, na mgonjwa ataambiwa mifupa ni mizima, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii.

MRI, yaani picha ya sumaku, ndiyo picha ya ugonjwa huu, hakuna ubishi. Inaonyesha uti wenyewe, damu iko mbele au nyuma yake (mara nyingi iko nyuma), imepita pingili ngapi, na uti umeumia kiasi gani. Inaitenganisha na jipu, na diski, na uvimbe. Kwenye saa 24 za mwanzo damu hufanana sana na uti kwenye picha za aina ya T1 na huonekana nyeupe yenye mabaka kwenye T2. Baadaye huwa nyeupe kwenye zote. Ni kwa rangi hizo msomaji wa picha hukisia ina umri gani.

CT inachukua dakika chache, na katika miaka ya karibuni imesogea karibu zaidi na watu wa mikoani. Damu mbichi huonekana nyeupe, nyuma ya uti, yenye umbo la punje ya dengu. Ukiiona, umepata jibu. Shida ni pale usipoiona. Damu nyembamba inaweza kupotea, hasa usawa wa mabega ambako mifupa minene huharibu picha. CT safi kwa mgonjwa mwenye mstari wa ganzi haimwondolei ugonjwa. Ndugu wengi, na hata sisi, tukiona ripoti safi tunalegeza mwendo.

Sasa, CT iko jengo la pili na MRI iko mkoa mwingine, ufanye nini? Mimi naangalia kitu kimoja: CT itaingia ndani ya muda ambao tayari unatumika kwa kazi nyingine, au itaongeza muda mpya? Kwa yule mama, plazima (maji ya damu yenye vigandishi) ilikuwa inayeyushwa maabara na gari linajazwa mafuta. Tukampitisha kwenye CT ndani ya muda huo, ikaonyesha dengu jeupe kutoka pingili ya pili hadi ya tano ya kifua. Picha ile ilirahisisha simu ya rufaa kuliko maneno yangu yote. Lakini kama mtaalamu wa mashine yuko nyumbani, au kuna foleni, au ndugu wameambiwa wakatafute pesa kwanza, achana nayo. Maumivu ya ghafla pamoja na mstari wa ganzi na mkojo uliokwama vinatosha kumpandisha mgonjwa garini.

Makosa mawili ya kuandika fomu nimeyaona zaidi ya mara moja. La kwanza ni kuomba picha ya kiuno kwa sababu miguu ndiyo iliyokufa. Miguu inaweza kufa kwa damu iliyo shingoni. Tena mstari wa ganzi unaweza kuwa pingili kadhaa chini ya mahali damu ilipo, kwa hiyo omba picha kuanzia shingo. La pili ni kumnyima MRI mwenye valvu ya chuma. Karibu valvu zote za moyo zinazotumika siku hizi hazizuii MRI. Mgonjwa abebe kadi yake ya valvu, mtaalamu aisome. Betri ya moyo ni habari nyingine, hiyo itajwe mapema.

Na sindano ya kutoa maji ya mgongo isifanywe. Kwa mtu ambaye damu yake haigandi unaweza kuongeza damu nyingine pale pale.

Kurudisha uwezo wa damu kuganda

Hii ndiyo sehemu ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuifanya vizuri sawa na hospitali kubwa, na ndiyo inayosahaulika. INR ya yule mama, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ilikuwa 6.8; kwa valvu kama yake inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Hakuna bingwa atakayempasua kwa hali ile, hata angekuwa amelala nje ya mlango wa chumba cha upasuaji.

Vitamini K ni rahisi, ipo karibu kila mahali kwa sababu ya watoto wachanga. Hutolewa miligramu 10 kwenye mshipa, polepole ndani ya dripu. Kasoro yake ni kwamba inahitaji saa kadhaa kuanza kuonekana, na nusu siku au zaidi kukamilisha kazi. Plazima hufanya kazi papo hapo lakini inataka kundi la damu, inataka kuyeyushwa, na inataka wingi: mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani mililita 600 hadi 900 kwa mtu wa kilo 60. Moyo mbovu unaweza kulemewa na maji yote hayo. Kuna dawa ya unga yenye vigandishi vilivyokolezwa. Hiyo ni ya haraka na ujazo wake ni mdogo, lakini bei yake ni kubwa na huku kwetu ni nadra kuikuta. Kwa hiyo huku jibu ni vitamini K na plazima kwa pamoja, vitamini K kwanza ili saa zake zianze kuhesabika mkiwa bado mnaandika rufaa. Ukiulizwa, "Sasa valvu yake haitaziba?", jibu ni kwamba hatari hiyo ipo, ila haiji ndani ya saa chache, na uti unakufa ndani ya saa chache.

Vitamini K haifanyi lolote kwa rivaroksabani na ndugu zake, dawa mpya za kuzuia damu kuganda. Kwa heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, kuna protamini ya kuizima. Mwenye himofilia apewe kigandishi anachokosa, na mwenye chembe bapa chache aongezewe, lengo likiwa kufika laki moja kabla ya kisu. Diklofenaki na aspirini zikome. Maumivu yatulizwe kwa parasetamo, na mofini ikiwepo. Deksamethasoni watu hupenda kuitoa kwa mazoea ya uvimbe wa saratani. Kwa damu sijaona ushahidi wa kuitegemea, na isicheleweshe gari.

Kisu au kusubiri

Tiba inayojulikana tangu mwaka 1897, daktari Bain alipofanya upasuaji wa kwanza wa aina hii, ni kufungua mgongo wa pingili, kuondoa bonge la damu na kuupa uti nafasi. Kilichobadilika ni kuelewa uzito wa muda. Wanaofanyiwa ndani ya saa 12 tangu dalili zianze hupona vizuri zaidi kwa ujumla. Mapitio makubwa ya wagonjwa yaliyotolewa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba aliyepooza kabisa ananufaika zaidi akifanyiwa ndani ya saa 36, na yule ambaye bado ana nguvu au hisia kidogo ndani ya saa 48. Namba hizi zisomwe kwa uangalifu. Hazisemi kwamba mtu ana saa 36 za kujadili. Na hazisemi kwamba aliyefika saa ya 40 arudishwe nyumbani, maana wapo waliochelewa na wakarudishiwa angalau mkojo, na kwa mtu wa kuishi miaka 30 zaidi mkojo si jambo dogo. Kinachotabiri zaidi ni hali aliyokuwa nayo kabla ya kisu: mwenye hisia kidogo ana matumaini makubwa kuliko asiye na kitu.

Kusubiri nako kupo, na si uzembe kila mara. Nilipokuwa mafunzoni Tabora tulimpokea kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa bweni, aliyeumwa shingo ghafla akiwa anafua. Mkono na mguu wa kulia vikalegea. Uso ulikuwa mzima. Tulipokuwa tunamwandikia rufaa, kwenye saa ya tatu tangu aanze, vidole vikaanza kuchezacheza. Saa ya sita akanyanyua mguu juu ya godoro. Aliendelea na safari ya Dodoma, na MRI ya kesho yake ikaonyesha damu nyembamba iliyokwisha kutandaa juu na chini ya ilipoanzia. Hakupasuliwa. Alilala huko siku kumi, akarudi anatembea.

Tofauti ya kijana yule na yule mama ni mwelekeo wa dalili. Kijana alikuwa anapata nafuu mwenyewe, mapema, na kila saa nafuu ilizidi. Mama alikuwa anashuka. Anayepata nafuu ya wazi ndani ya saa za mwanzo, au ambaye ana maumivu tu bila udhaifu, anaweza kuangaliwa. Anayeshuka, au aliyesimama palepale bila nafuu, apasuliwe. Wapo pia ambao kisu kingewaua kwa sababu damu haigandi hata baada ya kujaribu kila kitu. Hao wanasubiri kwa lazima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wakisoma kwamba wapo wanaopona bila kisu, huwabakiza wagonjwa kama wale wodini Kigoma "kwa uangalizi". Uangalizi wa ugonjwa huu maana yake ni kupima nguvu na mstari wa ganzi kila saa kwa siku nzima ya kwanza, na kuwa na bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu anayeweza kuingia chumba cha upasuaji usiku huo huo mstari ukipanda. Pasipo huyo bingwa, mgonjwa akigeuka saa nane usiku, safari ndiyo kwanza inaanza. Kusubiri ni tiba mahali ambapo kisu kipo. Kijana wetu alisafirishwa akiwa anapata nafuu, na wapo waliotulaumu kwa kupoteza mafuta ya gari. Ningemsafirisha tena leo.

Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam

Kwa mgonjwa wa Tabora, njia mbili zinakaribiana. Mwanza kwa Nzega na Shinyanga ni takriban kilomita 360, na huko iko hospitali ya Bugando. Dodoma kwa Itigi na Manyoni haizidi hapo kwa mbali, na huko iko hospitali ya Benjamin Mkapa. Hapo umbali usikuamulie, aamue yule aliyepokea simu na kusema, "Mlete, tunamsubiri."

Kwa mgonjwa wa Kigoma mjini hesabu ni nyingine. Kwenda Dodoma unapita Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora yenyewe, zaidi ya kilomita 800. Kwenda Mwanza kwa Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi na Geita ni kama kilomita 600. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kusubiri kivuko usiku kumetoka kwenye hesabu, na kwa ugonjwa wa saa hilo si dogo. Mgonjwa wa Kasulu au Kibondo yuko kwenye njia hiyo tayari, kwa hiyo asiteremshwe kwanza Kigoma mjini kwa ajili ya utaratibu wa rufaa. Hizo ni saa za bure za kwenda na kurudi. Dar es Salaam, kwa MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) na hospitali ya Muhimbili yenyewe, ina mabingwa wengi kuliko kote, lakini kutoka Kigoma inafaa kwa ndege tu. Treni ya reli ya kati, ambayo watu wetu huipenda kwa unafuu wa nauli, kwa mgonjwa huyu haifai hata kuzungumziwa.

Kabla gari halijatoka, piga simu uulize mambo matatu: MRI inafanya kazi leo? Bingwa yupo mjini? Plazima ya kundi hili ipo? Niliwahi kuona mgonjwa anafika baada ya safari ya siku nzima akakuta mashine imeharibika tangu juzi yake, na mtu wa kujibu simu alikuwepo muda wote.

Garini alale chali bapa, ageuzwe kama gogo na watu watatu kila saa mbili, kwa sababu ngozi isiyo na hisia huanza kuoza makalioni kabla hamjafika Nyakanazi. Mpira wa mkojo uwe umeshawekwa. Presha isiachwe ishuke, maana uti uliobanwa unategemea damu inayosukumwa. Ndugu atakayesindikiza awe mtu anayeweza kutoa damu na anayeweza kutia saini. Mara nyingi hupanda garini mama mzee anayempenda mgonjwa kuliko wote, na shemeji mwenye nguvu akabaki nyumbani.

Baada ya kisu

Kwa mwenye valvu ya chuma kuna swali moja la mwisho: warfarini irudishwe lini? Ukiwahi, damu inaweza kurudi pale pale. Ukichelewa, valvu inaziba au bonge linaruka kwenda kwenye ubongo. Haliamuliwi na mtu mmoja. Bingwa wa mgongo na bingwa wa moyo wakae pamoja. Kwa yule mama walisubiri siku saba, wakaanza na heparini kwa dozi ndogo, ndipo warfarini. Alirudi Kigoma na daftari la INR na karatasi yenye majina ya dawa za kuogopa: metronidazoli, Septrin, flukonazoli, dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, na mizizi ya kuchemsha. Ameibandika ukutani kwake, juu ya beseni la dagaa, na kila akienda duka la dawa anaipiga picha kwa simu ya mwanaye.

Alipasuliwa saa 26 tangu maumivu yaanze. Kila akija kliniki bado nachora ule mstari kwa kalamu. Mwezi wa kwanza ulikuwa kitovuni. Mwezi wa nne ulikuwa mapajani na akaanza kusimama kwenye vyuma vya mazoezi. Mara ya mwisho ulikuwa chini ya goti la kushoto. Mguu wa kulia sikupata tena mahali pa kuchora, kwa kuwa unahisi kote. Mkojo anaukojoa mwenyewe. Anatembea na kigari cha kushikilia mpaka sokoni, na beseni sasa anabebewa na binti yake.